Shahada Mkononi, Mshahara Uleule: Kisa cha Mwalimu Mmoja wa Nile Magharibi

## Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mwalimu wa kike wa Uganda aliyejisomesha shahada akiwa kazini. Nilikifuatilia tangu alipokuja kuomba mkopo katika Sacco ya walimu, chama cha kuweka na kukopa, ambamo mimi ni mjumbe wa kamati ya mikopo, na mwenyewe ameridhia kiandikwe. Jina Zaituni nimempa mimi. Wilaya yake, shule alizofundisha, chuo alichosoma na benki iliyomkopesha vyote nimeviacha nje, na hesabu zake nimezikaribisha kwa maelfu ili asitambulike kwa tarakimu.

Ninakiandika kwa sababu kila muhula walimu wanatujia na swali lile lile: nikipata digrii, mshahara wangu utapanda kiasi gani? Swali hilo lina jibu, ila digrii peke yake haina jibu hilo. Jibu limo katika nafasi ambayo digrii itakuingiza, katika somo ulilolisomea, na katika mfuko wa anayekulipa. Watu wawili wa nyumba moja, waliolelewa kwa ufuta wa shamba moja, wanaweza kubeba shahada za uzito ule ule na mmoja akalipwa karibu mara nne ya mwenzake. Ndivyo ilivyotokea nyumbani kwa kina Zaituni.

## Usuli

Zaituni amezaliwa katika familia ya Kinubi, Nile Magharibi, ambako Kiswahili kinasikika sokoni, msikitini na kambini tangu enzi za babu zao. Alimaliza kidato cha sita akiwa na alama za kumwingiza chuo kikuu, lakini nafasi za kusomeshwa na serikali ni chache na baba yake hakuwa na karo. Akaenda chuo cha ualimu wa shule za msingi, akatoka na cheti cha Gredi III, na mwaka 2014, akiwa na miaka 24, Tume ya Utumishi ya Wilaya ikamwajiri.

Msomaji aliye nje ya utumishi wa umma anahitaji kuelewa jambo moja hapa. Mishahara ya serikali ya Uganda imepangwa kwa madaraja, U1 juu kabisa na U8 chini. Mwalimu wa msingi wa Gredi III yuko U7. Mwalimu wa sekondari mwenye diploma yuko U5, na mwenye digrii yuko U4. Ukiyatazama madaraja haya haraka utaona ngazi ya elimu: cheti, diploma, digrii, na pesa ikipanda pamoja nayo. Zaituni aliyaona hivyo, na walimu karibu wote wanayaona hivyo. Kumbe hizo ni ngazi za vyeo. Mshahara unafuata cheo ulichoteuliwa kwa barua, na elimu ni sharti tu la kukiomba cheo hicho. Mwalimu wa msingi mwenye digrii, akiwa bado darasani pale pale alipoteuliwa, analipwa U7. Wako wengi wa namna hiyo nchini, na wengine wana shahada mbili.

Mdogo wake wa kiume alifuata njia nyingine. Yeye alisoma hesabu na fizikia, akachukua shahada ya ualimu wa sayansi, na mwanzoni mwa 2020 akateuliwa mwalimu wa sekondari ya serikali. Wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwalinganisha hao wawili kwa mshahara. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kawaida, na dada mkubwa ndiye aliyekuwa akimtumia mdogo wake pesa za matumizi alipokuwa chuoni.

## Mambo yalivyokwenda

Mwaka 2017 Zaituni alijiandikisha shahada ya ualimu wa sekondari kwa mpango wa likizo: unafundisha muhula mzima, shule zikifunga unapanda basi kwenda chuo. Masomo yake ni Kiswahili na historia. Karo, malazi, nauli na kuchapisha kazi za chuo, kwa shahada yote, vilimgharimu karibu milioni 9.5 za Uganda. Benki ilimpa mkopo wa mshahara wa milioni 5 kwa miezi 48, makato 147,000 kila mwezi. Mpaka deni linakwisha alikuwa ameirudishia benki zaidi ya milioni 7. Zilizobaki zilitoka Sacco, kwenye ufuta, na kwa mume wake anayeuza vipuri vya pikipiki. Ukiweka riba zote, shahada ile ilifika karibu milioni 12.

Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2014, ilianza kwa kulenga hasa kozi za sayansi. Kwa mwalimu aliye kazini anayesomea Kiswahili, mlango wa karibu ulikuwa benki, na benki inapenda mshahara wa serikali kwa kuwa makato yanaondolewa kabla pesa haijamfikia mwenyewe.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022. Katika muda huo wote Zaituni aliendelea kupokea mshahara wake, mdogo kama ulivyokuwa, na makato ya benki yakaendelea bila kukwama. Walimu wa shule binafsi hawakuwa na bahati hiyo, kwa sababu shule isiyo na wanafunzi haina karo, na isiyo na karo haina mshahara. Rafiki yake aliyekuwa anafundisha sekondari binafsi aligeukia kukaanga chapati kando ya barabara, na hakurudi tena darasani.

Chuo kilipofunguliwa kwa awamu alimaliza mitihani, akahitimu. Mapema 2022 akapeleka nakala ya shahada yake makao makuu ya wilaya. Afisa utumishi aliipokea kwa heshima, akaipiga mhuri, akaiweka kwenye faili.

"Hongera sana, mwalimu. Umetuletea sifa."

"Ahsante, afande. Mabadiliko ya mshahara yataanza mwezi gani?"

"Mabadiliko hayapo, mwalimu. Hapa tunalipa nafasi, na nafasi yako ni ile ile. Subiri Tume ya Utumishi wa Elimu itangaze kazi za sekondari, uombe kama wengine."

Alitoka pale na mshahara ule ule wa karibu laki tano kabla ya makato.

Miezi michache baadaye likaja jambo ambalo hakuna mtu wa familia ile aliyelipangia. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2022 serikali ilipandisha mishahara ya wanasayansi wake. Mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika sekondari ya serikali alifikishwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, mwenye digrii ya miaka ile ile na daraja lile lile la U4, alibaki karibu na milioni 1. Walimu walikuwa wamekwisha kugoma Juni mwaka huo kupinga ubaguzi huu, wakarudi darasani Julai bila kupata walichodai. Mdogo wake Zaituni akaamka siku moja akiwa anapokea kwa mwezi mmoja kile ambacho dada yake alikipata kwa miezi sita.

Mwezi huo huo wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba Kiswahili, lugha rasmi ya pili tangu Katiba iliporekebishwa 2005, kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa Kiswahili wakaanza kutafutwa. Serikali ikalitangaza somo lao kuwa la lazima, na kwenye jedwali la mishahara ikawaacha kwenye safu ya sanaa.

## Uamuzi na sababu zake

Mwishoni mwa 2022 Zaituni alikuwa na njia tatu mezani, na hapa ndipo kisa kinapofaa kusomwa polepole.

Ya kwanza ilikuwa ofa ya sekondari binafsi moja wilayani Wakiso: shilingi 900,000 kwa mwezi, chumba ndani ya uwanja wa shule, na chakula cha mchana. Ukiiweka kando ya laki tano inang'aa. Lakini alipokuja kwetu na ile barua tuliisoma mstari kwa mstari. Mshahara ulikuwa wa miezi ya muhula tu, yaani miezi tisa kwa mwaka. PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, katika 900,000 ni 172,000, kwa kuwa 410,000 za kwanza zinakatwa 25,000 na kila shilingi inayovuka hapo inakatwa 30%. Zinabaki 728,000. Zidisha kwa miezi tisa, gawa kwa kumi na miwili, unapata 546,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa msingi, baada ya PAYE ya 52,000, ulikuwa unamwachia 448,000, likizo na muhula. Kwa hiyo ile ofa ya kuacha kazi ya serikali ilikuwa ofa ya nyongeza ya 98,000.

Tena barua haikutaja popote NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtaka kila mwajiri binafsi, hata mwenye mfanyakazi mmoja, achangie 10% na kukata 5% ya mfanyakazi. Kwa mshahara wa 900,000 hiyo ni akiba ya 135,000 kila mwezi. Aliposimama na kuuliza kwa simu, akaambiwa hayo yatazungumzwa akishafika. Alikataa ofa. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: alikumbuka chapati za rafiki yake.

Njia ya pili ilikuwa kubaki na kusubiri tangazo la Tume bila kufanya kitu.

Ya tatu, aliyoichagua, ilikuwa kubaki kwenye orodha ya mishahara ya serikali huku akiuza shahada yake kwa vipindi. Sekondari binafsi mjini kwao ilikuwa inahangaika kupata mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu mtaala mpya wa sekondari ya chini uliokuja 2020 na ule uamuzi wa baraza viliongeza vipindi kuliko walimu. Alifundisha jioni na Jumamosi kwa idhini ya mwalimu mkuu wake, akawa anapata 200,000 mkononi kila mwezi wa muhula. Kwa wastani wa mwaka ni 150,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza kabisa ambayo shahada yake iliwahi kuleta nyumbani, na ilitoka sekta binafsi, ilhali alikuwa ameisoma kwa ajili ya serikali.

Mwaka 2023 Tume ilitangaza nafasi za sekondari, akaomba, akahojiwa. Barua ya uteuzi ilitoka 2024 na kumpeleka shule ya serikali katika mkoa mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Mume alibaki na duka, mtoto mkubwa akabaki na baba, mdogo akaenda na mama. Walizungumza nyumbani kwa wiki nzima kabla hajakubali. Hoja iliyoamua haikuwa mshahara wa mwezi. Nitaieleza kwenye uchambuzi, kwa sababu ndiyo hoja ambayo walimu wengi hawaifikii.

Alihakikisha jambo moja kabla ya kuondoka: hakuandika barua ya kuacha kazi. Aliomba ruhusa rasmi ya kuhamia nafasi mpya, ili utumishi wake usikatike.

## Matokeo

Mshahara mpya ulichelewa miezi kadhaa, kisha ukaja pamoja na malimbikizo. Sasa anapokea karibu milioni 1 kabla ya kodi. PAYE inachukua 202,000, zinabaki 798,000. Ukilinganisha na 448,000 za zamani ni ongezeko la 350,000 kila mwezi.

Toa kodi ya chumba, 120,000. Toa nauli za kurudi nyumbani, ambazo kwa wastani ni 60,000 kwa mwezi. Inabaki faida ya 170,000. Na vile vipindi vya jioni vilivyokuwa vinamletea 150,000 amevipoteza, maana mji aliopelekwa hana anayemjua bado.

Kwa lugha ya mfukoni, kuhama kumemwongezea 20,000 kwa mwezi.

Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa katika sekondari za serikali waligoma tena wakidai kulipwa sawa na wenzao wa sayansi. Naye aliweka chaki chini pamoja nao. Mdogo wake alimpigia simu kumwambia kwamba yuko upande wake, na nina hakika alimaanisha. Yeye sasa, baada ya PAYE ya 1,102,000, anabakiwa na 2,898,000, na ndiye anayelipa karo za watoto wa dada yake wawili. Deni la zamani la matumizi ya chuoni linalipwa kwa namna hiyo.

## Uchambuzi

### Shahada ilibaki ile ile, soko likabadilika

Wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos, katika tathmini yao ya 2018 iliyokusanya takwimu za nchi nyingi, walikuta kwamba mwaka mmoja wa shule unaongeza pato la mtu kwa takriban 9% kwa wastani wa dunia. Wastani huo ni wa kweli, na unasaidia serikali kupanga. Lakini mweke Zaituni ndani yake. Shahada ile ile ilimpa sifuri kwa karibu mwaka mzima, kisha ikampa theluthi ya mshahara wake kupitia vipindi vya jioni, kisha ikaupandisha mshahara wenyewe mara mbili kabla ya kodi, au 78% baada ya kodi. Akili yake haikuongezeka kati ya 2022 na 2024. Kilichobadilika ni mnunuzi.

Mdogo wake anaonyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Mwenzake waliyesoma naye benchi moja hajabahatika kuteuliwa na Tume. Anafundisha fizikia katika shule binafsi kwa 800,000. Shule binafsi haziwezi kufuata milioni 4 za serikali, kwa sababu mshahara wao unatoka kwenye karo ya mzazi, na mzazi hakuongezewa chochote Julai 2022. Kwa hiyo mtu akiniuliza digrii ya fizikia inalipa kiasi gani Uganda, sina budi kumuuliza: unaiuzia wapi? Tofauti kati ya sekta mbili kwa digrii moja imekuwa kubwa kuliko tofauti kati ya diploma na digrii ndani ya sekta moja.

Hili si la walimu peke yao. Daktari wa serikali alifikishwa milioni 5 katika mabadiliko yale yale. Na serikali yenyewe si moja: mhasibu mwenye shahada akiwa wizarani analipwa kwa madaraja ya U, lakini akiwa Mamlaka ya Mapato au Benki Kuu analipwa kwa jedwali jingine kabisa, la juu sana. Upande wa binafsi nako kuna mabenki na kampuni za simu za Kampala zinazolipa kuliko wizara yoyote, na kuna maelfu ya shule na maduka ambako mhitimu anapokea chini ya mwalimu wa msingi. Uganda haina hata kima cha chini cha mshahara chenye maana. Kilichopo kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge 2019 haukupata saini ya Rais. Ndiyo maana sekta binafsi ina dari ya juu na sakafu ya chini mno, na mhitimu anayesikia habari za dari huwa hajaonyeshwa sakafu.

### Kilichofanya kazi

Kubaki kwenye orodha ya serikali wakati wa kusoma kulimwokoa. Angeacha kazi 2019 akasome kutwa, au angehamia shule binafsi, kule kufungwa kwa shule kwa karibu miaka miwili kungemkuta na mkopo wa benki usio na mshahara nyuma yake. Tulikuwa na wanachama wawili waliopatwa na hilo, na mmoja alipoteza kiwanja.

Kuuza vipindi kulikuwa na akili pia. Alitambua kwamba sekta mbili zinathamini vitu tofauti. Serikali ilimlipa kwa barua ya uteuzi. Shule binafsi ilimlipa kwa kipindi alichoingia darasani. Badala ya kuchagua sekta moja alizitumia zote mbili, moja kwa usalama na nyingine kwa pesa ya ziada.

Sasa ile hoja iliyoamua safari. Kwa sheria ya pensheni ambayo aliajiriwa chini yake, mtumishi hachangii chochote, na pensheni yake inahesabiwa hivi: miezi yote aliyotumika, mara mshahara wake wa mwisho wa mwaka, gawa kwa 500. Theluthi moja ya jibu huzidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo. Theluthi mbili hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Angalia maneno "mshahara wa mwisho". Miaka ile kumi aliyoifanya akiwa U7 haihesabiwi kwa mshahara wa U7. Akistaafu akiwa U4, miaka yote inahesabiwa kwa U4.

Zaituni atafikisha miaka 60 akiwa ametumika miezi 432. Kwa viwango vya leo, angestaafu na laki tano za msingi angepata mkupuo wa karibu milioni 25.9 na pensheni ya 288,000 kwa mwezi. Akistaafu na milioni 1 anapata mkupuo wa milioni 51.8 na 576,000 kwa mwezi. Hizo 20,000 za mfukoni zinaficha milioni 26 za uzeeni. Ukiongeza na tofauti ya pensheni kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, shahada ile imeshajilipa mara kadhaa, ingawa yeye mwenyewe hataigusa pesa hiyo mpaka 2050. Ndiyo sababu lile ombi la ruhusa, badala ya barua ya kuacha kazi, lilikuwa karatasi yenye thamani kuliko shahada yenyewe. Mtumishi anayeacha na kuajiriwa upya anaweza kujikuta anaanza kuhesabu miezi kutoka sifuri.

### Kilichoshindwa

Kosa la kwanza lilifanyika 2017, na si lake peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba kusoma na kupandishwa ni mambo mawili. Chuo kilimuuzia kozi. Benki ilimuuzia mkopo. Ofisi ya wilaya ilimruhusu aende. Mwalimu mkuu alimpa likizo. Wote wanne walijua, au walipaswa kujua, kwamba barua yake ya uteuzi itabaki ya U7 mpaka Tume itangaze nafasi. Tena Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa msingi, awe na shahada. Nchi inayowataka walimu wa msingi wapate digrii kwa gharama zao, halafu inaendelea kuwalipa kwa cheti, inawafanya maskini waigharimie sera yake. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu ninaona makato yao kila mwezi.

Je, alikosea kuchagua Kiswahili? Watu wengi hapa kwetu wanasema ndiyo, na wanamtaja mdogo wake kama ushahidi. Sikubaliani nao. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa. Mwaka 2017 hakuna jedwali lililosema mwalimu wa sayansi atalipwa mara nne. Alichagua somo alilolimudu tangu utotoni, ambalo angeweza kulisoma kwa likizo bila maabara, na ambalo mahitaji yake kweli yalikuja kupanda. Kilichomwangusha ni kwamba bei ya kazi ya umma huamuliwa mezani, haifuati uhaba. Walimu wa Kiswahili ni adimu Uganda kama walimu wa fizikia, pengine zaidi. Kwenye soko la vipindi mjini kwao uhaba huo ulimpa pesa mara moja. Kwenye jedwali la serikali haukumpa hata shilingi.

Kushindwa kwa pili ni mkopo. Kukopa milioni 5 kwa miezi 48 mwanzoni kabisa kulimaanisha kwamba alianza kulipa riba miaka mitano kabla shahada haijaleta shilingi ya kwanza. Kwa kuwa mpango wa likizo unalipwa kwa awamu, mikopo midogo ya Sacco, muhula kwa muhula, ingempunguzia zaidi ya milioni moja ya riba. Benki haikuwa na sababu ya kumweleza hivyo.

Na kuna gharama ambayo hesabu zangu haziwezi kuibeba: mtoto mkubwa anayekua na mama wa simu. Zaituni aliniomba niiandike, kwa kuwa kila anayemuuliza habari za uhamisho humuuliza mshahara tu.

### Tunavyouliza sasa kwenye kamati

Mwombaji wa mkopo wa masomo anatueleza mambo matatu kabla hatujafika kwenye kiasi. Anatuonyesha cheo anachokilenga na lini mara ya mwisho kilitangazwa. Anatuhesabia mshahara wa cheo hicho baada ya PAYE, ukitoa chumba na nauli ikiwa atahamishwa. Na anatuambia atakula nini na shahada yake katika miaka ya kusubiri, maana miaka hiyo ipo karibu kwa kila mtu.

Mwaka huu Zaituni mwenyewe amerudi kuulizia mkopo wa shahada ya uzamili. Tumemwambia tunayowaambia wengine: uzamili hauongezi kitu kwa mwalimu wa kawaida wa U4, lakini unaweza kumsaidia kuwania unaibu mkuu wa shule, na cheo hicho kina daraja lake. Ameenda kutafuta tangazo la mwisho la nafasi hizo. Ombi lake liko mezani, halijajazwa kiasi.